Je, Vipande Vilikuwamo Ndani? Jinsi Viini vya Atomu Vinavyovunjika

Mwanafunzi mmoja niliyemfundisha fizikia ya kidato cha sita hapa Dar es Salaam aliwahi kuniuliza swali ambalo nililijibu haraka, na nililijibu vibaya. Tulikuwa tukizungumzia viini vya dhahabu vinavyorushwa kwa kasi kubwa na kugonganishwa na viini vingine, nami nikasema kwamba baada ya mgongano hutoka vipande vya kila aina: heliamu, lithiamu, kaboni na vingine vizito zaidi. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo kaboni ilikuwamo ndani ya dhahabu tangu mwanzo, au imetengenezwa pale pale?" Nikamwambia kwamba ilikuwamo, kama vile vigae vilivyomo ndani ya chungu ambacho bado hakijavunjika. Jibu hilo lina kosa, na kosa lenyewe linahusu jambo ambalo wanafizikia wamelichunguza kwa zaidi ya miaka 70, kwa hiyo linastahili kusahihishwa kwa utaratibu.

Tuanze na kiini chenyewe. Kiini cha atomu ni mkusanyiko wa protoni na nyutroni, ambazo kwa pamoja huitwa nukleoni. Dhahabu ina protoni 79 na nyutroni 118, jumla nukleoni 197, na zote zimejibana ndani ya tufe lenye nusukipenyo cha takriban femtomita 7, ambapo femtomita moja ni milimita moja iliyogawanywa kwa trilioni moja. Nukleoni hizo hazikutulia. Zinakwenda huku na huku, nyingine kwa kasi inayofikia robo ya kasi ya mwanga, na kwa wastani inahitajika nishati ya elektronivolti milioni 8, yaani MeV 8, ili kuing'oa kila moja kutoka kwa wenzake. Namba hiyo ya 8 inafaa kuwekwa akilini, kwa sababu karibu kila kitakachofuata kinapimwa dhidi yake. Jambo la pili la kuweka akilini ni kwamba ndani ya kiini hamna kuta wala maungio. Kiini kinafanana zaidi na tone la maji kuliko chungu, na nukleoni 12 zinazojikuta karibu karibu ndani ya dhahabu kwa kitambo kidogo cha mwendo wao si kaboni, kama vile abiria 12 waliosimama upande mmoja wa daladala wasivyokuwa familia.

Kinachotokea wakati wa mgongano hutegemea kwanza jinsi viini viwili vinavyokutana: vinakwaruzana pembeni, au vinagongana uso kwa uso. Mkwaruzano wa pembeni nilijifunza kuueleza nikimtazama muuza madafu. Yeye hulipakata dafu kwenye kiganja cha kushoto, hulichonga ganda kwa kulizungusha kidogo kidogo, kisha kwa pigo moja la mwisho panga hupita na kuondoka na kofia ya juu. Mkato hunyooka kama panga lilivyonyooka, bila kufuata nyuzi za ganda zilivyopangika, na sehemu iliyobaki kiganjani haikusogea hata kidogo. Viini vinavyokwaruzana kwa kasi kubwa hufanya hivyo hivyo. Kiini kilichopewa nishati ya MeV 1,000 kwa kila nukleoni huenda kwa takriban asilimia 87 ya kasi ya mwanga, na hupita kando ya kiini kingine kwa muda ambao ni kama nusu ya sekunde moja iliyogawanywa kwa 10²². Katika muda huo nukleoni iliyo ndani haipati nafasi ya kuvuka kiini chake kutoka upande mmoja hadi wa pili. Sehemu zilizopishana zinachongwa na kuondolewa. Nukleoni zake huitwa washiriki. Zilizobaki nje ya njia ya mgongano huitwa watazamaji, nazo huendelea na safari yao zikiwa karibu hazina habari ya kilichotokea.

Neno "karibu" hapo limebeba uzito mkubwa. Katika miaka ya 1970, huko Berkeley, California, viini vya kaboni na oksijeni vilirushwa kwenye shabaha za aina mbalimbali kwa nishati iliyofikia MeV 2,100 kwa kila nukleoni, na vipande vilivyotoka upande wa pili vilipimwa kasi. Vilikuwa na kasi ile ile ya kiini kilichovizaa, ila kwa mtawanyiko mdogo: hiki kimezidi kidogo, kile kimepungua kidogo. Mwaka 1974 mwanafizikia Alfred Goldhaber alionyesha kwamba mtawanyiko huo hauhitaji maelezo ya ajabu. Nukleoni zilizokuwa zikikimbia huku na huku ndani ya kiini kabla ya mgongano zilikatwa zikiwa katika mwendo wao, na jumla ya miendo ya zile zilizobaki pamoja haiwi sifuri. Ukichukua kundi lolote la watu wanaotembea ovyo kwenye uwanja wa Mnazi Mmoja, kundi hilo kwa jumla litakuwa linasogea kidogo upande fulani, hata kama uwanja mzima kwa jumla hausogei. Hesabu ya Goldhaber inasema zaidi: mtawanyiko wa momenta, yaani tungamo likizidishwa kwa kasi, utakuwa mkubwa kwa vipande vilivyo na nusu ya nukleoni zote, na mdogo kwa vipande vidogo sana au vile vilivyopoteza nukleoni moja tu, kwa sababu kile kinachobaki na kile kilichoondoka lazima vifute mwendo wa kila kimoja. Vipimo vilikubaliana naye.

Kwa hiyo, kwa mkwaruzano wa pembeni, jibu nililompa mwanafunzi wangu lilikuwa na nusu ya ukweli. Kipande kinabeba kumbukumbu ya kiini kilikotoka: kasi yake ni ya mzazi, na mtikisiko wake ni picha ya mwendo uliokuwa ndani kabla ya pigo.

Lakini hata hapo kumbukumbu hiyo haikamiliki, kwa sababu mkato si mwisho wa habari. Robert Serber alieleza mwaka 1947 kwamba mambo haya hutokea kwa hatua mbili zenye mwendo tofauti kabisa: ya kwanza ni ya haraka mno, ambapo nukleoni hupigana na kung'olewa, na ya pili ni ya polepole, ambapo kilichobaki hupoa. Dafu lililokatwa kofia hubaki na umbo lake lililokatwa. Kiini hakiwezi kubaki hivyo. Kama tone la maji, hujivuta kurudi kwenye umbo la tufe, na nishati iliyokuwa kwenye uso ule uliochongwa, pamoja na nafasi tupu zilizoachwa na nukleoni zilizoondolewa, hugeuka kuwa joto. Kipande chenye joto huvukiza nukleoni moja moja, na kila inayotoka huondoka na MeV 10 au zaidi. Nyutroni hutoka kwa urahisi kuliko protoni, kwa kuwa hazina chaji na hazizuiwi na ukuta wa nguvu za umeme unaokizunguka kiini. Kile ambacho kigunduzi kinakiona mwishoni ni masalia baada ya uvukizi huo, na kuna njia nyingi tofauti za kuanzia ambazo huishia kwenye kipande kimoja.

Sehemu kubwa ya vipande hivyo ni viini vya kawaida, lakini mara chache mkato huondoa protoni nyingi na kuacha nyutroni nyingi, na hapo huzaliwa kitu ambacho hakipatikani popote katika udongo wa dunia. Lithiamu-11, yenye protoni 3 na nyutroni 8, huishi kwa takriban milisekunde 9 tu. Mwaka 1985 Isao Tanihata na wenzake, wakitumia vipande kama hivyo huko Berkeley, waligundua kwamba kiini hicho ni kikubwa kupita matarajio. Baadaye ilieleweka kuwa nyutroni zake mbili za nje huelea mbali kama ukungu unaozunguka mlima. Vipimo hivyo viliwezekana kwa sababu ya kasi ambayo kipande kimeirithi. Milisekunde 9 huonekana kuwa muda mfupi, lakini kitu kinachokwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita 2,000 katika muda huo, kupita Kigoma na kuingia ndani kabisa ya Kongo, na maabara yenyewe inahitaji makumi ya mita tu. Mitambo ya Darmstadt nchini Ujerumani, ya RIKEN nchini Japani na ule uliofunguliwa Michigan nchini Marekani mwaka 2022 imejengwa juu ya jambo hili moja.

Sasa tusogeze viini karibu zaidi, ili kile kinachobaki kipokee joto kubwa. Joto likiwa MeV 1 au 2 kwa kila nukleoni, uvukizi unatosha. Likikaribia MeV 8, yaani ile nishati inayoshika nukleoni pamoja, kiini hakina tena uwezo wa kupoa kwa kutoa nukleoni moja moja. Huvimba, hupungua msongamano, kisha hutawanyika kwa mkupuo mmoja katika vipande vingi vya ukubwa wa kati. Na hapa ndipo mfano wa chungu unapoanguka kabisa.

Mtu akifunua sufuria ya wali na kuugeuza mfuniko, atakuta matone upande wa ndani: mengi sana madogo, machache ya kati, na moja moja makubwa yanayokaribia kudondoka. Hakuna anayefikiri kwamba matone hayo yalikuwamo ndani ya maji ya sufuria yakiwa tayari na ukubwa wao. Yalijikusanya kutoka kwenye mvuke, na ndiyo maana ya mtonesho. Swali lililowashughulisha wanafizikia ni iwapo vipande vya kiini kilichopata joto kubwa ni vigae au ni matone. Mwaka 1982 watafiti waliorusha protoni kwenye gesi za kriptoni na ksenoni katika maabara ya Fermilab karibu na Chicago walitoa dokezo la kwanza lenye uzito. Walihesabu vipande kwa tungamo zao na kukuta kwamba idadi inashuka kwa kufuata kanuni ya kipeo cha takriban 2.6, maana yake ni kwamba tungamo likizidishwa mara mbili, idadi ya vipande hupungua kama mara sita, iwe unaanzia kwenye vidogo au vikubwa. Kanuni ya namna hiyo, isiyopendelea ukubwa wowote, ndiyo inayotarajiwa kwa matone ya kimiminika kilicho kwenye ncha ya mpaka wake na gesi.

Dokezo si uthibitisho, kwani zipo njia nyingine za kupata mteremko kama huo, hata hesabu tupu za kugawanya vitu kwa bahati nasibu. Ilihitajika kupima jotoridi. Hapa Dar es Salaam, tulipo usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi, na ukiongeza mkaa chini ya sufuria jotoridi halipandi; moto wa ziada hutumika kugeuza maji kuwa mvuke, mpaka maji yaishe. Kundi la watafiti wa kigunduzi kiitwacho ALADIN, huko Darmstadt, lilitafuta jambo hilo hilo ndani ya viini vya dhahabu. Kipimajoto hakiwezi kutumbukizwa ndani ya kiini, kwa hiyo walitumia uwiano wa isotopu, yaani aina zinazotofautiana kwa idadi ya nyutroni, za heliamu na lithiamu zilizotoka, kwa kuwa uwiano huo hubadilika na jotoridi. Matokeo waliyochapisha mwaka 1995 yalionyesha jotoridi likipanda, kisha likitulia kwenye MeV 5 hivi, ambazo ni sawa na nyuzi bilioni 58, wakati nishati iliyowekwa ikiongezeka kutoka MeV 3 hadi takriban 10 kwa kila nukleoni, kisha likianza kupanda tena. Wapo waliohoji tafsiri ya mchoro huo, hasa sehemu ile ya kupanda tena, na vipimo vilivyofuata vimerekebisha namba. Hata hivyo, kwa maoni yangu huo ni miongoni mwa michoro mizuri zaidi katika fizikia ya viini, kwa sababu unaonyesha kitu chenye nukleoni mia na kitu kikichemka.

Joto likizidi zaidi ya hapo, vipande vya kati hutoweka na kubaki nukleoni na viini vyepesi tu. Msomaji anaweza kudhani kwamba habari ya vipande imeishia hapo. Lakini katika migongano mikali kuliko yote, ya viini vya risasi katika mtambo wa CERN ulioko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, jotoridi ambalo chembe huacha kubadilishana aina ni kama MeV 155, na bado hupatikana deuteroni, yaani protoni moja na nyutroni moja zilizoshikana kwa MeV 2.2 tu. Ni kama kukuta barafu ndani ya tanuri la kuchomea matofali. Deuteroni hizo haziwezi kuwa zimekatwa kutoka kwenye risasi, kwani hakuna deuteroni ambayo ingepita salama kwenye moto ule.

Maelezo yanayokubalika zaidi kwa akili ya kawaida ni ya muungano wa mwishoni. Pantoni ya Kigamboni inapofika ng'ambo na mlango kushushwa, watu hutoka kwa wingi wakisukumana, na ndani ya msukumano huo hakuna wawili wanaoweza kushikana mkono kwa muda mrefu. Umati ukishatawanyika, utaona huyu na yule wakiandamana, si kwa sababu walipanda pamoja, bali kwa sababu wametokea kuwa karibu na wanakwenda njia moja kwa mwendo mmoja. Protoni na nyutroni zinazotoka kwenye moto zikiwa karibu, tena zikiwa na kasi na mwelekeo unaofanana, hushikana baada ya msongamano kuisha. Kwa hesabu hiyo, kila nukleoni inayoongezwa kwenye kiini hupunguza uwezekano wake kwa kiasi kikubwa. Katika migongano ya CERN ni kati ya mara 300 na 400. Wapo wanaopendelea hesabu nyingine, inayoichukulia deuteroni kama chembe yoyote iliyo katika msawazo wa joto, na kwa mshangao wa wengi hesabu zote mbili hutoa idadi zinazokaribia vipimo. Mjadala huo haujafungwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwamba vipande huweza kuzaliwa ulitoka Brookhaven, jimbo la New York. Mwaka 2011 watafiti wa kigunduzi cha STAR walitangaza kwamba, katika kumbukumbu za migongano bilioni moja hivi ya dhahabu, wamepata viini 18 vya antiheliamu-4: antiprotoni mbili na antinyutroni mbili zilizoshikana. Antiprotoni ni pacha wa protoni mwenye chaji iliyo kinyume, na dhahabu haina hata moja. Kila sehemu ya kiini hicho iliumbwa na nishati ya mgongano, kisha sehemu nne zikakutana.

Msomaji anayeuliza haya yote yanatuhusu nini atapata jibu katika tiba. Saratani inayotibiwa kwa mionzi katika Taasisi ya Ocean Road hapa jijini hutibiwa kwa fotoni, yaani chembe za mionzi ya aina ya mwanga, ambazo huacha nishati njia nzima mwilini. Tangu mwaka 1994, huko Chiba nchini Japani, wagonjwa wamekuwa wakitibiwa kwa viini vya kaboni, ambavyo huacha sehemu kubwa ya nishati mwishoni mwa safari, pale pale penye uvimbe. Kinacholeta taabu ni vipande. Kaboni yenye MeV 400 kwa kila nukleoni hupenya maji kwa sentimita 27 hivi, lakini takriban asilimia 70 ya viini hivyo huvunjika kabla ya kufika. Vipande hurithi kasi, kama tulivyoona, na kwa kasi moja umbali wa kupenya hutegemea tungamo likigawanywa kwa mraba wa chaji. Kwa kaboni-12 hiyo ni 12 kwa 36. Kwa heliamu-4 ni 4 kwa 4, mara tatu zaidi. Kwa hiyo heliamu iliyozaliwa njiani hupita uvimbe na kuendelea kwenye tishu nzima zilizo nyuma yake, na daktari anayepanga tiba lazima azihesabu. Upo pia msaada: kaboni iliyopoteza nyutroni moja huwa kaboni-11, hutua karibu na mwisho wa njia, na kwa kuwa nusu yake huoza kila baada ya dakika 20, kamera zinaweza kuonyesha mionzi ilikofika.

Jambo hilo hilo hutokea angani bila mtambo wowote. Viini vya kaboni na oksijeni vinavyosafiri katika galaksi yetu kama mionzi ya anga hugonga gesi nyembamba ya hidrojeni iliyo njiani, na huvunjika kuwa lithiamu, beriliamu na boroni. Elementi hizo tatu ni adimu sana katika jua na sayari, lakini katika mionzi ya anga boroni imezidi, ikilinganishwa na kaboni, kama mara laki moja. Kwa kuhesabu boroni, wanasayansi wanajua kwamba kaboni inayotufikia imepita kwenye mata ya gramu chache kwa kila sentimita ya mraba, sawa na kina cha maji yaliyomo kwenye kikombe cha chai. Kwa kuhesabu beriliamu-10, ambayo nusu yake huoza kwa miaka milioni 1.4, wanajua kwamba kupita kikombe hicho kimoja kumeichukua takriban miaka milioni 15.

Beriliamu-9, ile isiyooza, haitengenezwi na nyota. Karibu yote iliyopo duniani ilitokana na migongano hiyo kabla jua halijawaka. Zumaridi zinazochimbwa karibu na Ziwa Manyara, ambazo unaweza kuziona zikiwa zimepangwa kwenye kioo cha sonara hapa mjini, zimeundwa kwa beriliamu, alumini, silikoni na oksijeni, na kwa kila atomu tatu za beriliamu mna atomu 18 za oksijeni. Katika jiwe moja, basi, mmekaa oksijeni nzima pamoja na vipande vya oksijeni nyingine iliyovunjika. Mwanafunzi wangu angeuliza kama beriliamu hiyo ilikuwamo ndani ya oksijeni tangu mwanzo. Ningemwambia kwamba nukleoni zake tisa zilikuwamo, zikikimbia pamoja na nyingine saba, na kwamba kabla ya pigo hakuna kitu ndani ya kiini kile kilichozitenga na hizo saba.